Siku Wanawake wa Kamembe Walipokwenda Kuniposea Bwana

Ukinikuta jikoni nacheka peke yangu, mwanangu, usidhani uzee umenipanda kichwani. Nakumbuka siku moja ya soko, zamani, nilipokuwa msichana wa kazi katika dispansari ya Kamembe, Rwanda, wanawake walipojifunga vitenge, wakabeba watoto wao mgongoni, wakateremka hadi mto wa mpakani na kuvuka daraja kwenda Bukavu, Kongo, kunitafutia mume. Mume mwenyewe ndiye babu yako, na mpaka leo hapendi niisimulie habari hiyo. Leo nitaisimulia, kwa sababu umepata nafasi katika shule ya uuguzi, na nyinyi vijana mnadhani kazi hii ilianza na heshima zake zote. Kaa nikueleze.

Baba yangu, Mzee Ramazani, alikuwa fundi cherehani. Kibaraza chake kilitazama njia ya soko, na mashine yake ilisikika tangu swala ya asubuhi. Nilizaliwa muda mfupi kabla ya uhuru, na nilipopata akili dispansari yetu iliongozwa na Papa Gaspari, mwanaume mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku zile muuguzi alikuwa mwanaume. Wakoloni walichagua vijana wanaojua kusoma, wakawafundisha kufunga vidonda na kudunga sindano, wakawatuma milimani na sanduku la dawa begani. Papa Gaspari alikuwa mmoja wao. Alituambia kwamba madaktari wa kizungu walimwita "kijana" hata alipoanza kuota mvi. Uhuru ulipokuja wengi wa madaktari hao walifunga mizigo, naye akabaki na foleni ya wagonjwa iliyofika barabarani. Akawa daktari, mkunga na mfagiaji. Wanawake waliouguza walikuwa watawa wa kikatoliki tu, tuliowaita masera, na hao walikaa mbali, kule misheni.

Sasa fikiri mtaa wetu wa Waislamu. Mwanamke wa kwetu akiumwa mahali pa siri, angemwonyesha nani? Alikaa na maumivu yake. Au alimtuma mumewe.

Ndivyo alivyofanya mama yangu. Alikuwa ananyonyesha mdogo wangu, titi moja likavimba, likawa gumu na la moto, na homa ikampanda. Baba alivaa kanzu, akanishika mkono, tukaenda dispansari. Watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi.

"Inaumwa wapi?" Papa Gaspari akamuuliza.

"Hapa," baba akasema, akaweka mkono kwenye kifua chake mwenyewe. "Imevimba. Na maziwa haitoke."

Kisha mama mmoja akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikapita benchi hadi benchi.

"Mzee Ramazani," Papa Gaspari akasema polepole, "ni nani anaumwa, weye ao bibi yako?"

"Ni bibi yangu."

"Basi unataka nikudunge weye sindano, yeye apone?"

Hakumuaibisha zaidi. Alimwingiza ndani, mimi nikafuata, na huko maneno yake yakawa mengine. "Nakuheshimu," alisema kwa Kiswahili chetu cha mpakani, ambacho wake huitwa bake, "na dini yako naiheshimu. Kama hamutake mwanaume aone bake benu, ni haki yenu. Lakini batoto benu banamuke munabaficha nyumbani, habasome hii kazi. Sasa nani atabatunza bake benu? Munangojea malaika?"

Papa Gaspari akatuma ujumbe misheni, na jioni ile ile akaja sera mmoja kwa pikipiki, kanzu yake ameipandisha na kuifunga kiunoni, suruali ya kiume inaonekana chini. Watoto wa mtaa mzima walimkimbilia. Alifunga mlango, akalipasua lile jipu, akalisafisha, akamwonyesha mama namna ya kulikanda kwa kitambaa cha moto. Siku chache baadaye mama alikuwa anamgombeza baba kuhusu mkaa, tukajua amepona.

Baba aliyatafuna maneno ya Papa Gaspari kwa miaka. Sisi hatukujua. Nilipomaliza shule na kufaulu, ikasikika kwamba shule ya uuguzi ya masera inachukua wasichana wa dini yoyote. Wajomba walikuja nyumbani na nyuso zao za msiba. Mtoto wa kike alale kwa masera? Aoshe miili ya wanaume asiowajua? Atarudi na msalaba shingoni. Nani atamwoa?

Baba aliwasikiliza mpaka mwisho, uzi ukiwa katikati ya midomo yake. Kisha akasema, "Ataenda."

"Juu ya nini?" wakauliza, wakitaka sababu.

"Juu ya kifua yangu," baba akajibu, akarudi kwenye mashine.

Hawakuelewa. Mama alielewa, akaingia chumbani kucheka.

Shuleni tulipokelewa na sera mkuu, mwanamke mkavu ambaye sauti yake ilitosha kunyoosha mashuka. Akatuonyesha nguo ya kazi: gauni jeupe la magotini, mikono mifupi, na kikofia kidogo kichwani. Nilimtazama baba. Alilishika lile gauni, akaligeuza ndani nje, akaangalia mishono.

"Masera," akasema, "miye ni fundi. Ya mutoto wangu nitaishona mwenyewe. Itafika chini, mikono itakuwa mirefu, na kichwa atafunga kitambaa nyeupe."

"Mikono mirefu haiwezekani," sera akasema kwa Kiswahili chake cha puani. "Muuguzi anaosha mikono mpaka kwenye kiwiko. Mikono mirefu inabeba uchafu wa mgonjwa huyu kumpelekea yule."

Nilidhani mambo yamekwisha, tutarudi Kamembe. Baba aliwaza, akajipapasa mfukoni akatoa kifungo. "Tutaweka kifungo hapa," akasema, akionyesha juu ya kiwiko. "Akienda kuosha, anakunja, anafunga. Akimaliza, anashusha."

Sera akachukua kile kifungo, akakitazama kana kwamba ni dawa mpya. Kisha, mwanangu, akacheka! Akamuuliza baba kama anaweza kushona hivyo kwa yeyote atakayetaka, na mwaka ule wasichana wengi wa kikristo walitaka, kwa sababu asubuhi za milimani zina baridi. Mishono ya baba yangu ilitembea katika wodi kabla mimi sijajua kupima homa.

Sitakuchosha na masomo. Tulijifunza kutandika kitanda mgonjwa akiwa bado juu yake, na kumwosha mtu mzima bila kumfanya ajione mtoto. Nililipenda lile la pili. Kuna namna ya kushika shuka, kufunua mkono mmoja, kuuosha, kuufunika, ndipo ukafunua mwingine, mtu asibaki uchi hata mara moja. Nilipojifunza hilo niliwaza wajomba zangu, nikatamani wangeona.

Nilipomaliza nikapelekwa nyumbani Kamembe, kwa Papa Gaspari yule yule, ambaye sasa aliitwa tituleri, mkubwa wa dispansari. Kwa Kifaransa cha heshima watu waliniita Mamzeli Hawa. Mbele yangu, yaani. Nyuma yangu walisema mengine. Jirani yetu Mama Rukia ndiye aliyeongoza. "Yule mutoto anashinda anashika banaume," alisema bombani, ndoo yake ikifurika. Alisema kwa sauti kusudi maneno yanifikie, na yalinifikia.

Kisha akaja yeye mwenyewe. Ilikuwa mchana, wagonjwa wamepungua, Papa Gaspari amekwenda kula. Alisimama mlangoni na mtandio umefunika uso wote isipokuwa jicho moja.

"Kuko mwanaume humo ndani?"

"Hakuna, Mama Rukia. Ni miye tu."

Akaingia, akafunga mlango mwenyewe, akanieleza ugonjwa aliokuwa ameubeba tangu mtoto wake wa mwisho. Sitakuambia ulikuwa ugonjwa gani, hata leo, na yeye ameshazikwa. Ulitibika kwa dawa ya kawaida kabisa. Baada yake walikuja wengine wa mtaa wetu, kisha wanawake kutoka Nkanka waliokuja kuuza samaki, kisha wafanyabiashara wa kutoka Bukavu waliokuwa wanapita tu, Wakristo na Waislamu, wote wakiuliza swali lile lile la Mama Rukia. Papa Gaspari akahamia chumba cha mbele na kuniachia cha nyuma, akatundika pazia. Aliniambia kwamba miaka yote ile alidhani wanawake wa Kamembe wana afya kuliko wa sehemu nyingine.

Sasa nikufikishe kwa babu yako. Yusufu alikuwa fundi wa magari karibu na soko. Aliletwa akiwa ameungua mkono kwa maji ya rejeta. Kijana mwenye kifua kama mlango, lakini alipoiona sindano alitaka kutoka kupitia dirishani. Nilimfunga kidonda, nikamwambia arudi kubadilishiwa bendeji. Akarudi. Akarudi tena. Kidonda kikapona, ngozi ikaota, yeye bado anakuja.

Papa Gaspari alimshika ule mkono, akaugeuza kwenye mwanga. "Yusufu," akasema, "hii mukono imepona. Sasa ni moyo njo inaumwa? Ile hatuna dawa yake hapa. Enda kwa Mzee Ramazani."

Akaenda, kupitia kwa wazee wake kama inavyotakiwa. Wazazi wake walikuwa wamefariki, akalelewa Bukavu na shangazi yake, Maman Zaina, mwuza vitenge aliyejulikana pande zote mbili za mto. Siku ya posa walikuja wamependeza. Wanaume walikaa sebuleni, wanawake nyuma ya pazia, nami nikiwa huko na sinia la sambusa. Mjomba wa Yusufu alisema maneno yake mazuri, baba akajibu kwa mazuri zaidi. Tayari nilikuwa nahesabu shuka nitakazohamia nazo.

Ndipo Maman Zaina akapaza sauti ili wanaume upande wa pili wasikie. "Mutoto ni muzuri, iko na adabu, sisi hatuna shida naye. Lakini ile kazi aache. Mwana wangu hawezi kula bugari ya mukono yenye inashinda inashika bidonda ya banaume."

Ugali wangu ulikataliwa kabla haujaonjwa. Kisha sauti ya baba ikaja kutoka upande ule: "Hawa, umesikia. Weye unasema nini?"

Elewa, mwanangu, siku hizo msichana hakuulizwa. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa ndiyo. Nami nilimpenda Yusufu, nisikufiche. Neno la kukubali lilikwisha kufika ulimini. Lakini wiki ile ile alikuja kwangu Maman Esperansi, mwuza dagaa wa sambaza kutoka Nkanka, tumbo lake limeshuka, akaniambia kwamba mara hii hazalii nyumbani, anazalia kwangu. Nilimwona mbele yangu kama vile yuko chumbani.

"Maman Zaina," nikasema, na sauti ilitetemeka, "nitamupikia Yusufu. Nitamuzalia batoto, Mungu akipenda. Lakini kazi siiache. Kuko banamuke benye bananingojea. Nikiacha, batarudi kujificha."

Maman Zaina akasimama, akajifunga kitenge upya. "Basi. Tumesikia."

Wakaondoka. Yusufu aligeuka mlangoni, akanitafuta kwa macho kupitia upenyo wa pazia, lakini mbele ya wakubwa wake angesema nini? Sambusa zilipoa kwenye sinia. Baba alikwenda kukaa kwenye mashine, akaikanyaga muda mrefu, na mashine ile haikuwa na kitambaa. Mama alinifuta uso kwa upindo wa nguo yake. "Umesema muzuri," akaniambia. "Sasa kula."

Nilirudi kazini na macho mekundu. Maman Esperansi alifika siku zake zilipotimia, akajifungua salama mtoto wa kike mwenye sauti kama ya kengele ya kanisa. Nilikuwa namfunga mtoto, machozi yakanitoka.

"Mamzeli," akasema kutoka kitandani, "miye njo nimezaa, weye njo unalia?"

Nikamwambia yote. Nilidhani namwambia mgonjwa mmoja. Kumbe nilikuwa naliambia soko zima!

Siku ya soko iliyofuata, meza za wanawake zilikaa wazi. Walijikusanya nyuma ya vibanda vya viazi, wakavaa vitenge vya sikukuu, wakafunga watoto mgongoni. Mama Rukia, ndiyo, yule yule wa bombani, akashika nafasi ya mbele kando ya Maman Esperansi. Walishuka mtelemko wote wa kwenda mtoni wakiimba. Mpakani askari wa forodha akawasimamisha.

"Munapeleka nini Bukavu?"

"Posa," Mama Rukia akajibu.

"Nini?"

"Tunapeleka posa. Andika hivyo."

Askari hakujua posa hulipiwa ushuru gani. Akainua kizuizi.

Yaliyotokea kwa Maman Zaina nimeyasikia kwa vinywa vingi, hata naona kama nilikuwapo. Alifungua mlango akakuta ua umejaa wanawake. Aliwakaribisha, angefanya nini? Wakaketi kwenye viti, kwenye mikeka, kwenye ngazi. Watoto wakaanza kulia, mmoja akafuatwa na wote. Maman Esperansi akasimama.

"Maman, siye tumekuja kuposa. Tunataka mutoto wako Yusufu, aoe muganga wetu."

"Ninyi ni ndugu zake?"

"Siye ni bagonjwa bake."

Maman Zaina alizungusha macho. "Na hawa batoto bote, ni yeye alibazalisha?"

"Bote," wakasema. Mama mmoja akajishika tumbo: "Na huyu naye anamungojea."

Lakini Maman Zaina alikuwa mfanyabiashara, hakuwa mtu wa kushusha bei upesi. "Na siku yeye iko kazini, nani atamupikia mwana wangu?"

"Atakula kwangu!" Mama Rukia akasema.

Wakati huo Yusufu, aliyekuwa amekuja kumwona shangazi yake, alikuwa pembeni ya ua, chini ya gari la jirani. Akatoka huko na grisi mpaka masikioni. "Shangazi," akasema, "miye najua kupika bugari tangu utoto. Weye njo ulinifundisha, juu kila siku ulikuwa unaenda soko."

Maman Zaina alikuwa amevuka daraja lile la mpakani na mzigo wa vitenge kichwani tangu ujana wake, mvua na jua, na watu walikuwa wamesema mengi juu yake pia: mwanamke gani huyu asiyekaa nyumbani, anayejibizana na wanaume mpakani. Sijui aliwaza nini. Najua alichofanya. Alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, akajifuta macho kwa kitenge chake.

"Mwana anasema hivyo mbele ya bantu!" akasema. "Basi mumuchukue. Muchukueni leo, na grisi yake!"

Mimi nilikuwa dispansari nachemsha mabomba ya sindano. Nikasikia vigelegele vinapanda kutoka upande wa mto, vinakuja, vinaongezeka. "Kuna harusi leo?" nikauliza.

Papa Gaspari alikuwa dirishani, amevua miwani anaifuta. "Iko," akasema. "Ni yako."

Tulioana kabla ya mvua kubwa. Maman Zaina alicheza kuliko vijana. Tangu hapo akiona mteja mwenye mimba mbele ya meza yake alimwuliza kwanza, "Umeenda kwa mutoto wangu?" ndipo akamtajia bei ya kitenge. Nilifanya kazi miaka mingi, mizuri, na mingine mibaya mno ambayo tutaizungumza siku nyingine, moyo ukiwa tayari. Nyuma yangu walikuja wasichana wa mtaa wetu, tena wengi, na sasa mnasoma mpaka chuo kikuu, wavulana kwa wasichana, na hakuna anayeshangaa.

Sasa nasaha yangu, nikuambie bila kuzunguka. Unapoingia wodini, mtaje mgonjwa kwa jina lake na umwambie lako. Vuta pazia kabla ya kumfunua. Anayechelewa kuja kwako usimgombeze kwa kuchelewa, maana hujui alipigana na aibu kiasi gani njiani. Mtu akikuambia uchague kati ya mapenzi na kazi yako, jibu kwa adabu, usimtukane, lakini jibu ukweli, hata sauti ikitetemeka. Usidhani wanaokusema vibaya leo watabaki hivyo. Waachie mlango wazi, wanaweza kuwa ndio watakaotembea mbele siku utakapohitaji watu. Na usijivunie kana kwamba nguo hiyo umejipa mwenyewe. Heshima mnayoikuta leo waliileta wengi: wanaume waliobeba sanduku milimani, watawa wa pikipiki, mababa waliokubali kubadilika, na wanawake wa soko waliofunga meza zao siku nzima bila kuuza hata samaki mmoja.

Basi nenda, mwanangu. Mungu akutie nguvu miguuni, maana kazi hii ni ya kusimama. Akupe mkono mwepesi na sikio lisilochoka. Wagonjwa wako wapone, na wasiopona wasife peke yao. Akujalie wakwe wanaojua kucheka. Na kila mtoto utakayempokea kwa mikono yako alie kwa nguvu, mama yake amsikie, naye afurahi. Amina.